Mbasa wa Ziwa Nyasa: kuvua kwa mshipi mwembamba baada ya masika

Mvua za masika zinapokatika na baridi ya kipupwe inapoanza kutubana huku Mbalizi, kule Kyela maji ya mito hupungua na kuanza kuwa maangavu. Huu ndio wakati ambapo jina la mbasa husikika sana sokoni na kwenye mabasi yanayopanda kutoka Kyela kupitia Tukuyu. Wengine huenda kumnunua, na wengine hubeba ndoano zao wakajaribu bahati ziwani.

Katika makala haya tunaeleza mbasa ni samaki gani, anavuliwaje kwa mshipi mwembamba na ndoano ndogo, na kwa nini mvuvi wa majira haya anapaswa kujua mahali pa kuvua na mahali pa kuacha. Mbasa hukamatika kwa urahisi zaidi wakati uleule anapokwenda kuzaa. Asiyelijua hilo anaweza kula mavuno ya miaka mingi kwa msimu mmoja.

Kwanza, tusichanganye mito

Hapa Mbalizi tuko karibu na Mto Songwe, na wengi hudhani ndio uleule wa mpakani Kyela. Sivyo. Mito yenye jina la Songwe ni miwili. Huu wa kwetu unashuka kwenda Ziwa Rukwa. Ule mwingine unapita mpakani mwa Tanzania na Malawi, kisha unaingia Ziwa Nyasa. Mbasa ni wa Ziwa Nyasa na mito inayoingia ziwa hilo. Usimtafute Songwe ya huku kwetu.

Kwa anayetaka kufika ziwani, njia ni kupitia Mbeya mjini hadi Uyole, kisha kushika barabara ya Tukuyu kuteremka Kyela. Kutoka Kyela unaweza kwenda Itungi, iliko bandari, au kupita Ipinda hadi Matema, ambako milima ya Livingstone inashuka mpaka ukingoni mwa maji. Kati ya Songwe ya mpakani na Matema, mito mikubwa inayoingia ziwani ni Kiwira, Mbaka na Lufilyo.

Mbasa ni samaki gani

Mbasa ana mwili mrefu wa rangi ya fedha, magamba madogomadogo, mkia wenye panda na mdomo mpana. Jina lake la kisayansi ni Opsaridium microlepis, na hilo neno la pili maana yake ni magamba madogo. Wazungu humfananisha na samoni kwa sababu ya umbo lake na tabia yake ya kupanda mito, lakini hana undugu wa karibu na samoni. Jamaa yake ni ile pana ya akina kuyu na ningu.

Samaki wa jamaa hiyo hawana meno kwenye taya. Meno yao yako kooni. Kwa mvuvi hili ni jambo la kushika, kwa sababu mbasa hakati uzi kama afanyavyo samaki mwenye meno makali. Huhitaji kufunga waya mbele ya ndoano. Uzi mwembamba unatosha.

Akiwa mdogo mbasa hula wadudu na viumbe vidogo vya majini. Akikua huwa mwindaji, na chakula chake kikubwa ni samaki wadogo, hasa usipa. Kwa hiyo ukiona usipa wakirukaruka juu ya maji asubuhi, huenda chini yao kuna anayewafukuza.

Anapofika wakati wa kuzaa, mbasa huacha maji ya ziwa, huingia mtoni na kupanda kinyume cha mkondo hadi penye changarawe na maji yanayokwenda kasi. Hapo hutaga mayai. Watoto wanaoanguliwa hushuka polepole kurudi ziwani. Mto ukizibwa, au changarawe ikifunikwa na tope, mzunguko huo hukatika.

Kwa nini majira haya

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kina cha takribani mita 700, lakini samaki hawaishi mpaka chini. Kupita kina cha kama mita 250, maji hayana hewa ya oksijeni. Rutuba nyingi iliyozama hukaa huko chini bila kutumika.

Kuanzia mwezi Mei hadi Agosti huvuma upepo wa mwera kutoka kusini. Upepo huo husukuma maji ya juu, na maji ya chini zaidi hupanda na rutuba yake. Rutuba ikifika penye mwanga, mimea midogo ya majini huongezeka. Vijidudu hula mimea hiyo, usipa hula vijidudu, na mbasa hula usipa.

Wakati huohuo mito iliyokuwa imejaa tope la masika huanza kusafika. Mbasa huwinda kwa macho. Maji yakiwa mekundu hawezi kuona chambo, na yakiwa maangavu humwona hata akiwa mbali. Lakini na yeye atauona uzi wako. Hii ndiyo sababu ya kutumia mshipi mwembamba majira haya: uzi mnene kama wa kuvulia kambale atauona na kuukwepa.

Vifaa vinavyotosha

Huhitaji vifaa vya gharama. Vinavyohitajika ni hivi:

Mshipi. Tafuta uzi wa nailoni usio na rangi, wenye unene wa kama robo milimita. Uzi mzuri wa unene huo hubeba takribani kilo 5 kabla ya kukatika. Kunja mita 50 au zaidi kwenye kipande cha mti au chupa ya plastiki. Uzi uliokaa juani muda mrefu huoza, kwa hiyo uvute kwa nguvu kabla ya kwenda. Ukikatika kirahisi, nunua mwingine.

Ndoano. Kwenye ndoano za kawaida za dukani, namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo. Namba 6 ni kubwa kuliko namba 10. Kwa mbasa chukua zile za kati, zinazoweza kubeba usipa mmoja bila kumpasua. Bana kile kijino cha pembeni kwa koleo mpaka kilale. Ndoano isiyo na kijino hutoka kirahisi kwa samaki na pia kwa kidole chako.

Chubwi. Kipande kidogo cha risasi kinatosha, kizito kiasi cha kukuwezesha kurusha mbali tu. Kiweke hatua moja juu ya ndoano, kisiikaribie.

Ufito. Mwanzi mwembamba wa huku milimani hufanya kazi nzuri, mradi uwe mkavu na unaopinda bila kuvunjika. Kupinda kwake ndiko kunakomchosha samaki na kuuokoa uzi. Ukivua kwa mkono bila ufito, funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye kidole cha shahada, maana uzi mwembamba ukikimbia hukata nyama.

Chambo. Usipa mbichi ndiye bora. Tunaposema chambo tuna maana ya chakula kinachowekwa kwenye ndoano, si samaki yule ambaye wenzetu wa Malawi humwita kwa jina hilohilo. Usipokuwa na usipa, kipande chembamba cha bati linalong'aa, kilichokatwa kwa umbo la samaki mdogo na kufungwa ndoano nyuma, kinaweza kumdanganya mbasa maadamu kinavutwa na hakisimami.

Kufunga ndoano

Samaki wengi hupotea kwa sababu ya fundo na si kwa sababu ya uzi. Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoano. Izungushe ncha hiyo mara tano au sita kwenye uzi mrefu. Irudishe kwenye kile kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate, halafu vuta polepole mpaka fundo likae. Ukivuta likiwa kavu, nailoni hupata joto na kudhoofika hapohapo kwenye fundo. Kata ncha iliyobaki, acha kidogo tu.

Namna ya kuvua

Saa nzuri ni alfajiri hadi jua linapochomoza vizuri, na jioni jua likizama. Mchana wa jua kali usipa hushuka, na mwindaji wao hushuka nao.

Choma usipa mdomoni au mgongoni ili akae kama samaki anayeogelea. Rusha mbele ya kundi la usipa au kando yake, si katikati, maana kishindo huwatawanya. Acha chambo kizame kidogo, kisha vuta kwa kuvuta na kupumzika: vuta urefu wa mkono, tulia, vuta tena. Mara nyingi mbasa hupiga pale unapotulia.

Akishika, usimburute. Hapa ndipo uzi mwembamba unapomfundisha mtu subira. Inua ufito ili upinde. Anapokimbia mpe uzi kidogokidogo, na anapochoka urudishe. Ukikaza uzi anapoanza mbio, atakatika na kuondoka na ndoano mdomoni. Kazi hii inaweza kuchukua dakika kadhaa. Akifika karibu usimwinue kwa uzi. Mwingize kwenye kapu au kipande cha wavu kilichofungwa kwenye duara la fito.

Mbasa asipopatikana, mshipi huohuo wenye ndoano ndogo zaidi utakupatia samaki wengine wa kando ya miamba upande wa Matema na Ikombe. Kwa hao tumia nyungunyungu au bonge dogo la ugali mgumu.

Mahali pa kuacha

Mbasa wanaojiandaa kupanda mto hukusanyika kwanza kwenye mdomo wa mto, pale maji ya mto yanapokutana na ya ziwa. Wanakuwa wengi mahali padogo, na wengi wao ni majike yenye mayai. Mvuvi yeyote anajua kwamba hapo ndipo pa kupata wengi kwa haraka, na ndiyo maana hapo ndipo mbasa anapomalizwa.

Anayetega nyavu kukatisha mdomo wa mto, au anayejenga uzio wa fito kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, hamchagui samaki. Anazuia kizazi kizima kisifike penye changarawe. Mwaka huo atauza sana. Miaka michache baadaye yeye na jirani zake watakuwa wanatafuta mbasa kwa tochi.

Mvuvi wa mshipi ana nafasi ambayo mwenye wavu hana: anamshika samaki mmoja mmoja, akiwa hai, na anaweza kuamua. Tunashauri mambo matatu.

Kwanza, vua ziwani, kwenye makundi ya usipa, mbali na mdomo wa mto. Samaki anayewinda ziwani yuko kwenye malisho. Aliye mdomoni mwa mto mara nyingi yuko safarini kwenda kuzaa.

Pili, ukimpata mwenye tumbo lililojaa, au ambaye ukimgusa tumboni mayai yanatoka, mrudishe. Fanya vivyo hivyo kwa mdogo asiyefika urefu wa kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Lowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na maradhi. Usimlaze mchangani wala kumshika mashavuni. Mshike ndani ya maji kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Ndoano ikiwa imemezwa, kata uzi karibu na mdomo badala ya kumchokonoa.

Tatu, chukua wa kutosha jikoni kwako. Wawili au watatu wakubwa ni kitoweo cha familia.

Sheria inasemaje

Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009. Kuvua kwa sumu na kwa baruti ni kosa. Nyavu za timba, yaani zile za uzi mmoja wa plastiki, zimepigwa marufuku. Vyandarua si vya kuvulia samaki, maana hubeba hata watoto wa juzi.

Kabla ya kuvua, hata kwa mshipi, pita kwa afisa uvuvi wa eneo au ofisi ya halmashauri uulize kuhusu leseni na maeneo yaliyozuiwa. Kwenye mialo kuna pia vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kama BMU. Mgeni anayefika mwaloni na kujitambulisha kwao hupata msaada. Anayejificha hushukiwa, na hana wa kumlaumu.

Kuhusu sumu, tuseme neno moja kwa wakulima wenzetu. Wengi mnaujua mmea wa utupa, ule ambao majani yake hutumika kuua wadudu mashambani na kupe kwenye mifugo. Majani hayohayo yakipondwa na kutiwa mtoni humzuia samaki kutumia hewa iliyo mwilini mwake, naye huelea akihema mpaka afe. Hufa wakubwa na wadogo, pamoja na wadudu ambao samaki waliosalia wangekula. Utupa una kazi yake shambani. Mtoni usiingie.

Wa juu na wa chini

Mto Kiwira unaanzia huku juu, kwenye milima ya Poroto na Rungwe, na unapita chini ya Daraja la Mungu kabla ya kufika Kyela. Mkulima anayelima mpaka ukingoni mwa mto huo hajawahi kushika ndoano, lakini udongo wake unashuka na mvua, unatua juu ya changarawe na kuyafunika mayai ya mbasa yasipate hewa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Wengi wetu tunaiona kama sheria ya kunyang'anya shamba. Tukumbuke kwamba ukanda huo wa miti na majani ndio unaoshika udongo wetu usihame, na ndio unaofanya maji yashuke masafi. Anayeuza viazi Uyole na anayeuza mbasa Matema wanategemea mto mmoja.

Pia serikali imewahi kuchukua hatua kubwa zaidi mahali pengine. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Wavuvi walikaa bila kipato cha ziwani muda wote huo. Wanaotumia ziwa wakijizuia wenyewe mapema, huenda wasifike huko.

Usalama wako

Mwera unaoleta chakula cha samaki ndio huohuo unaozamisha mitumbwi. Upepo ukivuma kutoka kusini, mawimbi husafiri ziwa zima na kukua njiani. Yanapofika upande wetu wa kaskazini, Itungi na Matema, huwa makubwa hata kama asubuhi palikuwa shwari. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na waulize wenyeji. Wakikuambia leo hapana, rudi. Ukiona mstari mweupe wa mawimbi unakuja kwa mbali, elekea ufukweni mara moja. Usipande mtumbwi bila koti la kuokolea maisha, hata kama unajua kuogelea.

Kwenye midomo ya mito na penye matete, jihadhari na mamba. Usisimame ndani ya maji kuvua alfajiri au jioni, na usisafishe samaki hapo ulipokanyaga maji.

Kichocho kipo Kyela. Ukiwa umeingia kwenye maji yaliyotulia na baadaye ukaona damu kwenye mkojo, au ukapata maumivu ya tumbo yasiyoisha, nenda kituo cha afya upimwe. Dawa yake ipo na inatibu.

Kumfikisha Mbalizi akiwa mzima

Samaki huanza kuharibika tangu anapokufa. Mtoe matumbo na mashavu mara moja, mwoshe kwa maji safi, mweke kivulini kwenye majani mabichi au kwenye barafu. Kama huna barafu, mbanike hapohapo ziwani kwa moto mdogo wa moshi mpaka akauke ndani, kisha msafirishe kwenye kapu linalopitisha hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa humvundisha kabla hujafika Tukuyu.

Kwa wewe mnunuzi wa sokoni, mbasa mbichi mzuri ana macho yaliyojaa, mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Muulize muuzaji amevuliwa wapi na kwa nini. Ukiona kila wiki unaletewa majike yaliyojaa mayai, au vitoto visivyozidi kiganja, usinunue, na mwambie sababu. Mvuvi husikia sauti ya mnunuzi haraka kuliko ya afisa.

Kwa mwenye mshipi na ndoano, msimu huu ni mzuri. Nenda alfajiri, vua ziwani, mwachie mwenye mayai apande mto, na uwe umerudi nchi kavu kabla mwera haujaamka.